Je, Wajua? Nani Peke Yake, na kwa Ruhusa ya Nani

Je, wajua kwamba kwa Wabarabaig, wafugaji wa Hanang, ukoo unaweza kumiliki kisima na bado usiwe na ruhusa ya kumnyima mtu maji ya kunywa? Kisima kikishachimbwa huwa cha ukoo wa yule aliyeanzisha kazi ya kukichimba. Ukoo huo ndio unaopanga zamu za kunywesha. Ndio unaosema ng'ombe wa fulani waje leo na wa fulani wasubiri. Mwenye mifugo asiye wa ukoo huomba kwanza. Lakini anayekuja kuchota maji ya nyumbani hazuiliwi, awe wa ukoo gani. Maji ya mto na ya ziwa hayana mwenyewe.

Nimeanza na kisima kwa sababu sijui mfano mzuri kuliko huo wa haki ya pekee: jambo ambalo mmoja anaruhusiwa na wengine hawaruhusiwi, lenye ukingo ambao kila mtu anaujua. Safu ya leo inazunguka kata ya Dirma na majirani zake, huko Mbulu na Hanang mkoani Manyara, na kuuliza swali moja tu. Nani peke yake ana ruhusa ya nini, na nani alimpa?

Je, wajua kwamba Kiswahili huipa haki ya pekee jina jipya kila inapobadilisha mikono? Rais akilindwa dhidi ya mashtaka, tunasema ana kinga. Mtumishi akipewa nyumba, gari na posho juu ya mshahara, hayo ni marupurupu. Mtunzi ana hakimiliki, mvumbuzi ana hataza, mwenye kiwanja ana hatimiliki. Anayeishika biashara nzima bila kumwachia mwingine nafasi anahodhi, na hali hiyo huitwa ukiritimba. Neno hilo la mwisho limehamia maofisini: watu husema "ukiritimba" wakimaanisha kuzungushwa, njoo kesho, bosi hayupo, mambo ambayo jina lake ni urasimu. Walimu wa lugha husahihisha, nami naungana nao, ila nawaelewa wasemaji. Muhuri ukiwa mkononi mwa mtu mmoja tu, anayesubiri dirishani haoni tofauti kubwa.

Je, wajua kwamba katika ukanda huu mdogo zinakutana familia za lugha ambazo hazina undugu? Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, lugha yao ni ya Kikushi. Wadatoga, na Wabarabaig wakiwa kundi lao kubwa, ni Waniloti. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yenye vidoko ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu hata mmoja. Wabantu wako pembeni: Wanyiramba, Wanyaturu, Wambugwe. Kila kundi lilikuja na hesabu yake ya nani anaruhusiwa nini.

Je, wajua kwamba kwa Wairaqw kazi ya kuomba mvua na kuilinda nchi ilikuwa ya watu wa nasaba maalumu? Mtaalamu huyo anaitwa qwaslarmo, na elimu yake hurithishwa ndani ya ukoo. Hakuna aliyeweza kuamka asubuhi akajitangaza. Lakini qwaslarmo hakuwa mtawala. Mambo ya nchi yalisemwa barazani, na kiongozi wa wazee, kahamusmo, alikuwa msemaji kuliko kuwa mtoa amri. Hata slufay, dua ndefu ya kishairi inayofungua na kufunga mikutano, hutangulizwa na mzee mmoja huku wote waliohudhuria wakiitikia. Sauti ni ya mmoja, lakini bila waitikiaji hakuna slufay.

Je, wajua kwamba uhunzi kwa Wadatoga ni wa ukoo mmoja? Ni Gidang'odiga. Wao ndio wanaofua mishale, visu na bangili za shaba, na kwa desturi huoana wao kwa wao. Mfugaji mwenye ng'ombe mia hawezi kuifanya kazi hiyo, na mhunzi naye hukaa kando na maisha mengi ya wafugaji. Haki yao ya pekee imejengewa ukuta, na ukuta huo unawazuia kutoka kama unavyowazuia wengine kuingia.

Je, wajua kwamba wanawake wa Kibarabaig wana mahakama yao? Mwanaanthropolojia Mmarekani George Klima aliiandika miaka ya 1960. Wanawake wa eneo hukusanyika, wakamsikiliza mwenzao aliyekosewa, wakamhukumu mwanamume. Makosa ni yale yanayomdhalilisha mwanamke, hasa yanayogusa uzazi: kumpiga mke aliye katika siku zake za kutengwa baada ya kujifungua, kwa mfano. Adhabu ni faini ya ng'ombe, na mkaidi husubiriwa na laana. Wanaume hawaketi katika baraza hilo. Mume hawezi kumtetea mwenzake humo, wala hana pa kukata rufaa kwa wazee wenzake, kwa sababu jambo lenyewe si lao.

Wapo wanaosimulia habari za wafugaji kana kwamba mwanamke kwao hana sauti. Wangeanzia hapa. Na wangeendelea kwenye hanang'weanda, sketi ya ngozi inayovaliwa na mwanamke aliyeolewa peke yake, yenye heshima ya kidini; na kwenye maziwa, ambayo mgawaji wake ni mke mwenye nyumba.

Je, wajua kwamba si kila mzee wa Kidatoga huzikwa kwa bung'ed? Maziko hayo ni ya wachache waliokubalika kuwa watu wakubwa. Kilima cha udongo hujengwa juu ya kaburi, na shughuli nzima hukaribia miezi tisa hadi kilele chake. Familia, ukoo na majirani wa mbali hukusanyika. Eneo la kaburi hubaki kuwa mahali patakatifu kwa vizazi. Ikumbuke bung'ed, maana tutakutana nayo tena mbele ya trekta.

Je, wajua kwamba mwaka 1960 Mbulu ndiyo iliyoikatalia TANU? Katika uchaguzi wa mwaka huo chama cha Mwalimu Nyerere kilipata viti 70 kati ya 71, na viti 58 vilipatikana bila kupingwa. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Herman Elias Sarwatt, naye akiwa mwanachama wa TANU, alisimama dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake na akashinda. Haki ya kumteua mwakilishi wa watu ilidhaniwa kuwa ya chama. Wapiga kura wa Mbulu walisema ni yao.

Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa 1963, machifu wa Tanganyika walipoteza madaraka yao kisheria. Na Katiba ya 1977, ibara ya 29, inasema wazi kwamba hakuna raia mwenye haki au cheo maalumu kwa sababu ya nasaba, jadi au urithi wake. Qwaslarmo na mhunzi wanaendelea na kazi zao kwa desturi; sheria ya nchi haiwajui.

Je, wajua kwamba Katiba hiyohiyo inampa Rais haki ambayo hakuna jaji aliye nayo? Ibara ya 45 inamruhusu kusamehe waliohukumiwa au kupunguza adhabu zao. Ibara ya 46 inamkinga na mashtaka ya jinai akiwa madarakani. Bunge nalo lina haki zake, kinga zake na madaraka yake, na ibara ya 100 inasema mbunge hashtakiwi mahakamani kwa maneno aliyoyasema bungeni. Maneno yaleyale akiyatamka nje ya ukumbi, anayajibu kama mtu mwingine yeyote.

Je, wajua kwamba kuna nyasi zenye jina lake? Wabarabaig huziita muhajega: ardhi tambarare yenye rutuba kwenye uwanda wa Basotu, malisho bora kuliko yote waliyokuwa nayo. Hawakuishi humo mwaka mzima. Walipeleka ng'ombe kwa msimu, wakaziacha nyasi zipumue, wakahamia kwingine, wakarudi. Malisho yalikuwa ya jamii nzima, mkutano mkuu ukiyasimamia. Sehemu iliyo jirani na boma tu ndiyo iliyokuwa ya wenye boma, kwa ajili ya ndama wao. Mgeni aliyepita Basotu katika msimu ambao ng'ombe hawapo angeona ardhi tupu. Na ndivyo ilivyoonekana.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likaanza kulima ngano huko, na Kanada ikasaidia kwa fedha, mashine na wataalamu. Shamba la Basotu lilifuatwa na mengine sita: Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret, Gidagamowd. Kwa pamoja yalichukua karibu ekari 100,000, na yalichukua hasa zile muhajega. Njia za ng'ombe kwenda majini na kwenye chumvi zikakatwa. Aliyeonekana akipitisha mifugo shambani aliitwa mvamizi. Wabarabaig walilalamika kwamba hata bung'ed za wazee wao zililimwa. Taifa lilihitaji mkate, na hitaji hilo lilikuwa la kweli. Lakini wenye ardhi hawakuulizwa, na hilo ndilo ninaloshindwa kulipitisha.

Je, wajua kwamba walikwenda mahakamani? Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake waliishtaki NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Mahakama ya Rufani ikaugeuza. Ilisema baraza la kijiji halikuthibitisha kwamba limegawiwa ardhi hiyo. Ilisema pia kwamba wadai wengine hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana iliyowekwa na sheria ya ardhi ya wakoloni ya mwaka 1923. Hebu lisome tena hilo. Mbarabaig wa Hanang alitakiwa alete ushahidi kwamba yeye ni mwenyeji, ili aweze kudai haki ya kimila juu ya malisho ya babu zake. Kesi nyingine, za Gawal na kwingineko, zikafuata. Mwaka 1987 amri ya serikali ikafuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyotajwa vya Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo uliijumuisha Hanang. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002 tu.

Kanada ilijitoa miaka ya 1990, mashamba yakadhoofika, mengine yakauzwa kwa wawekezaji na mengine yakagawiwa wananchi. Aliyekuwa mvulana akichunga muhajega mwaka 1968 alikuwa mzee kabla jibu halijafika.

Je, wajua kwamba ni jina la Kiiraqw linalosimama kwenye hukumu maarufu zaidi ya ardhi nchini? Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walikuwa wakulima wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, kaskazini ya Mbulu. Ardhi yao ya kimila ilichukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu vijijini. Walidai, wakashinda, wakarudishiwa. Ndipo Bunge lilipotunga sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila za watu wa namna yao na kuzizuia mahakama zisisikilize kesi hizo. Wao hawakukaa kimya. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, kwa hiyo inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Vifungu muhimu vya sheria ile vikaanguka.

Fikiria uzito wake. Kwa miongo mingi mwenye hati kutoka ofisini alikuwa na haki, na mwenye shamba la ukoo alikuwa kama amevumiliwa tu. Baba na mwana kutoka Mbulumbulu ndio waliofanya wawili hao wawe sawa mbele ya sheria. Wanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam huisoma kesi hiyo kila mwaka. Ningependa watoto wa shule za Dongobesh na Haydom nao wasimuliwe.

Je, wajua kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na mdhamini wake ni Rais? Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoundwa mwaka 1991, ilipendekeza umiliki huo wa juu uondolewe mikononi mwa Rais. Serikali haikukubali. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zikaanza kutumika Mei 2001 zikiwa na mpango uleule. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kijijini, halmashauri ya kijiji husimamia na mkutano mkuu huidhinisha. Hatimiliki ya kimila ya mwanakijiji inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka, wakati hati ya mjini huhesabiwa miaka 33, 66 au 99.

Kipo kifungu cha 20 cha sheria ya vijiji ambacho kila binti wa Dirma angefaa kukijua kwa kichwa: mila yoyote inayomnyima mwanamke haki halali ya kupata na kutumia ardhi ni batili. Na Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga; basi mjane na aulizie daftari la kijiji mapema, kabla shemeji hajaanza kuhesabu mipaka.

Je, wajua kwamba kulikuwa na wakati ambapo mkulima wa Hanang alikuwa na mnunuzi mmoja tu wa halali wa mahindi na ngano yake? Tangu 1973 hadi katikati ya miaka ya 1980 mnunuzi huyo alikuwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Bei ilitangazwa, malipo yalichelewa, na gunia lililovuka kizuizi cha barabarani bila kibali liliitwa magendo. Leo mizani imegeuka: Sheria ya Ushindani ya 2003 inaanza kumtazama mfanyabiashara kwa jicho kali akiwa na sehemu kubwa mno ya soko.

Je, wajua kwamba hata mbegu ina mwenyewe? Kwa sheria ya 2012, mgunduzi wa aina mpya ya mmea hupewa haki ya pekee kwa miaka 20, na 25 kwa miti na mizabibu. Lazima aina hiyo iwe mpya na tofauti na nyingine, mimea yake ifanane, na sifa zake zidumu kizazi hadi kizazi. Mbegu ambayo bibi yako ameitunza juu ya dari la jiko kwa miaka mingi si mpya, kwa hiyo hakuna anayeweza kuisajili akasema ni yake.

Je, wajua kwamba tanzanaiti yote inayochimbwa duniani inatoka mkoa huuhuu wa Manyara, Mererani, wilaya ya Simanjiro? Leseni ndogo za uchimbaji hupewa Watanzania peke yao. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili kwa shilingi bilioni 7.74.

Je, wajua kwamba Wahadzabe, watu wanaosifiwa kwa kugawana kila kitu, wana nyama isiyogawanywa? Inaitwa epeme. Mnyama mkubwa akiuawa, sehemu zake fulani nono ni za wanaume waliokwisha kuingizwa katika daraja hilo, nao huzila faraghani. Wanawake, watoto na vijana hawaruhusiwi hata kuona. Nyama iliyobaki hugawiwa kambi nzima, na mwindaji hana haki ya kuizuia.

Na je, wajua kwamba watu hao ndio walioikataa haki ya pekee ya wenye fedha? Mwaka 2007 bonde la Yaeda, katika wilaya ya Mbulu, lilikuwa likitolewa kwa kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Falme za Kiarabu. Waliokuwa wakiwinda humo tangu enzi zisizohesabika wangegeuka majangili nyumbani kwao. Walipinga, mmoja wa viongozi wao akakamatwa, sauti zikasikika hadi ng'ambo, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikajiondoa.

Wakajifunza kwamba kupinga hakutoshi. Mwaka 2011, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe walipata hatimiliki ya kimila juu ya zaidi ya hekta 20,000 za bonde hilo. Haikutolewa kwa mtu mmoja mmoja, ilitolewa kwa jamii, kwa hiyo hakuna mmoja wao anayeweza kuuza kipande chake kwa mgeni mwenye fedha taslimu. Wana uwezo wa kuzuia kulima na kukata miti ndani ya mpaka. Mpango wa hewa ya ukaa umeongeza juu yake: misitu ikisimama, fedha huingia, na sehemu yake huwalipa vijana wanaotembea porini kulinda mipaka. Majirani zao wafugaji wa Kidatoga, ndugu wa wale waliopokonywa Basotu, nao wameanza kupata hati za pamoja za malisho kwa njia hiyohiyo.